Moto Waliotukataza

Mwaka ule masika ilinyesha kwa ukarimu hata nyasi zikawafika mbuzi mgongoni. Kisha vuli ikapita bila tone. Mtu asiyekaa nyikani hudhani nyasi ndefu ni neema, na kweli ni neema zikiwa mbichi. Zikikauka zikabaki zimesimama vile vile, na upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma na joto lake, basi mnaishi ndani ya kiberiti.

Mimi si mzaliwa wa huko. Nimezaliwa Bodo, huko pwani, ambako nguo haikauki sawasawa na chumvi hulainika ndani ya kopo. Moto kwetu ulikuwa kitu cha jikoni. Niliolewa bara, kijiji kilicho nyuma ya Mackinnon Road, na mwanamume anayeziba pancha za malori kando ya barabara kuu. Kijiji chenyewe sitakitaja. Mimi nilifungua kibanda jirani na cha mume wangu, nikiuza chai, mahamri na mbaazi za nazi kwa madereva. Nyumbani kwetu palikuwa ndani zaidi, kwenye boma la mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, tuliloishi pamoja na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Shemeji huyo ndiye aliyechunga mbuzi wa nyumba nzima, na msimu ukiwa mzuri alirina asali.

Upepo ulipoanza, chifu aliitisha baraza. Alisema watu wa hali ya hewa wametoa onyo: joto kali, ukavu, na upepo wa nguvu kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo ni marufuku kuwasha moto nje. Hakuna kuchoma mkaa, hakuna kuchoma shamba, hakuna moshi wa kurinia asali, hakuna hata kupika uani.

"Atakayeonekana na moto nje ya nyumba yake," alisema, "nitamchukua mimi mwenyewe, na asiniletee habari za watoto wana njaa."

Mavyaa wangu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Hilo neno la haki," aliniambia tukirudi. "Nyasi hizi zikishika, hatuna pa kukimbilia."

Tukatii. Tulihamisha mafiga ndani ya nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, tukapika tukilia machozi ya moshi. Shemeji aliuning'iniza mwenge wake wa kurinia juu ya mlango na hakuugusa tena, ingawa mizinga ilikuwa imejaa na nyuki tuliwasikia kutoka mbali. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa akilea mjukuu mwenye ugonjwa wa kifua. Moshi wa ndani ulimzidishia mtoto, pumzi zikawa za kuvutana. Asubuhi moja bibi yule akatoa mafiga matatu uani, akazungushia mabati, akapika uji wa mtoto. Watu wa chifu wakapita. Mmoja aliinua sufuria akaumwaga ule uji juu ya moto. Uji wenyewe, si maji. Nilikuwa nimesimama pale na beseni langu la unga kichwani.

"Sheria ni msumeno, bibi," alimwambia. "Hukata mbele na nyuma."

Bibi aliokota sufuria yake, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaingia ndani. Sote tuliumia, lakini tulisema ndivyo sheria ilivyo, na moto ukitoka utamchoma hata huyo mtoto. Tuliamini kwamba msumeno ule ulikuwa na meno pande zote mbili.

Baada ya siku chache ikaja kampuni ya kandarasi. Kazi yao ilikuwa kufyeka vichaka chini ya nyaya kubwa za umeme, kutoka karibu na barabara kuu hadi kupita kijiji chetu. Walikuja na vibarua wenye mapanga na mashine za kukatia miti, na msimamizi mmoja kijana mwenye fulana ya kung'aa na miwani ya jua. Vibarua walikuwa wateja wangu wazuri, watu wa miji ya jirani, Samburu na Taru na kwingineko, wanakula mahamri yao na kusema ahsante. Msimamizi alikunywa chai ndani ya gari. Matawi waliyokata waliyarundika marundo marundo, mengine marefu kuliko mtu, na kwa jua lile yalikauka kabla hujageuka.

Siku yenyewe nilitoka nyumbani mapema kama kawaida, nikiongozana na mavyaa aliyekuwa anakwenda zahanati. Tulipofika kwenye njia ya umeme tukaona moshi. Rundo la kwanza lilikuwa limewashwa, na kibarua mmoja alikuwa akielekea la pili na kijinga cha moto mkononi. Upepo ulikuwa bado umelala, kama ulalavyo saa zile.

Mavyaa aliacha njia akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Mimi nikamfuata.

"Hamjambo, wanangu."

"Hatujambo, mathe."

"Mwanangu, moto huu ni wa nini?"

"Tunasafisha, mathe. Haya matawi yanaziba njia, na wiki hii kuna wakubwa wanakuja kukagua."

"Lakini moto umekatazwa. Chifu alikuja hapa akatuambia, hata uji tusipike nje."

"Hiyo ni ya wanakijiji. Sisi tuko na ruhusa."

"Na upepo, mmeuomba ruhusa?"

Vibarua wawili watatu walicheka, na msimamizi naye akacheka, si kicheko kibaya, kile cha mtu anayecheka na mtoto. "Mathe, hii kazi nimefanya miaka. Wewe enda salama, usichelewe huko unaenda."

Mavyaa alisimama kidogo, akiangalia nyasi zilizokuwa zimeanza pale pale rundo lilipoishia. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mungu awape macho." Tukaondoka.

Nilimpigia chifu simu papo hapo. Nilimsalimu kwa adabu zote, nikamweleza ninachokiona.

"Mama, hao wana kibali kutoka juu," alisema. "Tusiingilie kazi ya watu."

"Chifu, ni moto ule ule."

"Nimekwambia wana kibali." Akakata simu.

Chai yangu ilikuwa bado haijachemka mara ya pili upepo ulipoamka. Kwanza vikombe vya plastiki vilianguka mezani vikaviringika hadi barabarani. Kisha turubai la kibanda likaanza kupiga, na vumbi jekundu likaja limeandamana na majani makavu. Mume wangu alitoka kwenye kazi yake na mpira wa tairi mkononi, akageukia upande wa nyumbani. Mkuki wa moshi uliokuwa umesimama wima angani ulikuwa sasa umelala chini, umekwenda mbali.

Mara vibarua wakatokea wakikimbia, nyuso zimejaa masizi.

"Mama, maji! Tupe maji, moto umetushinda!"

Niliwapa yote. Madumu ya kupikia, beseni la kuoshea vyombo, hata birika. Mume wangu aliwamiminia maji ya pipa lake, lile la kuzamishia mipira ili aone pancha inapotoa mapovu. Wakakimbia nayo. Hazikupita dakika nyingi nikaona gari la msimamizi linatoka kwa kasi kwenye njia ya umeme, vibarua wamejazana nyuma kama mizigo, likapanda lami na kushika njia ya Mombasa. Halikusimama. Madumu yangu tuliyakuta yametupwa njiani, mengine bado yana maji.

Mtu akikuambia moto wa nyika unatambaa, ujue hajauona. Unaruka. Unarusha cheche mbele yake kama mtu anayepanda mbegu, na pale cheche inapoangukia panakuwa na moto mwingine, kisha ule wa nyuma unakuja kuufikia. Sauti yake ni ya malori mengi yanayopanda mlima kwa pamoja. Tulifika nyumbani kwa pikipiki ya kukodi, dereva akakataa kwenda mbele ya bwawa la kijiji, tukamalizia kwa miguu. Wanawake walikuwa wanapiga moto kwa magunia yaliyoloweshwa maji na kwa matawi mabichi, na kila walipozima hapa uliwazunguka pale. Bibi mjane alikuwa amemfunga mjukuu wake mgongoni, amefunika kichwa cha mtoto kwa leso yenye maji, anaelekea bwawani bila kugeuka nyuma.

Zizi letu lilikuwa na ua wa miiba, kama mazizi yote ya huko, kwa sababu ya fisi. Miiba mikavu. Mbuzi walikuwa ndani, maana shemeji alihofia upepo ule, hakuwatoa asubuhi. Ua ulishika moto upande wa nyuma kwanza, na mlango wa zizi nao ni rundo la miiba tu, linalovutwa kwa mti mrefu. Ule mti ulikuwa umeshaungua. Shemeji aliushika mlango kwa mikono yake mitupu. Niliona. Aliingiza mikono katika miiba inayowaka, akavuta, akarudi nyuma akipiga kelele, akaingiza tena. Mlango ukafunguka. Mbuzi walio karibu walitoka manyoya yakifuka moshi. Wengine walikuwa wamejikusanya kwenye kona, wamepandana, kama wafanyavyo mbuzi wakiogopa, na hawakutaka kutoka. Mavyaa, aliyekuwa amerudi kutoka zahanati mbio kwa umri wake ule, alisimama nje akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka hakukuwa na wa kuitikia.

Hatukuuzima sisi moto ule. Uliishia kwenye barabara ya changarawe ya murami na kwenye uwanda mtupu kando ya bwawa, ambapo ng'ombe wamekanyaga miaka na hakuna kinachoota. Ilipofika alasiri upande wote ule ulikuwa mweusi, na upepo ukazidi kupeperusha majivu tu. Nyumba ya mavyaa ilikwisha. Ya bibi mjane pia, na nyingine kadhaa, na ghala la mahindi, na mizinga yote ya shemeji pamoja na nyuki wake. Malisho ya msimu mzima yalikwisha. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Neno hilo nalisema kwa shukrani, lakini nimelisikia likisemwa na wengine kama kifuniko cha sufuria: hakufa mtu, basi yamekwisha.

Jioni ile dada yangu alinipigia kutoka Diani, anakofanya kazi ya dobi katika hoteli moja. Alikuwa amesikia. Alinipa pole, akalia, kisha kwa nia njema kabisa akasema, "Upepo huo huo uko huku pia. Sisi tangu juma lililopita makuti ya paa yanamwagiwa maji kwa mipira asubuhi na jioni, wageni wasije wakapata hofu." Mbele yangu mavyaa alikuwa amekaa chini, anawanywesha mbuzi waliosalia kwa kifuniko cha dumu, kila mmoja kifuniko chake, kwa sababu ndiyo maji tuliyokuwa nayo.

Asubuhi wakaja polisi. Nilidhani wamekuja kutuuliza tulichokiona. Afisa alisimama katikati ya majivu akauliza, "Mrina asali wa hapa ni nani?"

Shemeji alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono yake imezungushiwa kitambaa cha leso. Akainuka. "Ni mimi."

"Fungua mikono tuione."

Mavyaa alimfungulia taratibu. Ngozi ilikuwa imetoka na kitambaa.

Afisa akaangalia, akamgeukia mwenzake. "Mtu asiyewasha moto anaunguaje mikono?"

"Baba," mavyaa alisema, "aliungua akiwatoa mbuzi. Zizi hilo hapo. Tazama."

"Mama, utaeleza mbele."

Wakamchukua. Hawakumtia pingu, maana hapakuwa na mahali pa kuzitia. Mpaka leo nalikumbuka jambo hilo, na si kwa huzuni. Walifikiria pingu. Niliona mmoja wao akizitoa kiunoni, akaitazama mikono, akazirudisha.

Mimi na mume wangu tuliwafuata kituoni. Askari aliyekuwa mezani alinisikiliza huku anakunywa soda.

"Unasema unawajua waliowasha?"

"Nawajua. Niliwaona wakiwasha, mimi na mama mkwe wangu. Kisha walikuja kwangu kuomba maji, wakasema moto umewashinda."

"Sasa si hapo wewe mwenyewe unawatetea? Walikuwa wakisaidia kuzima."

"Afande, mtu huzima moto kwa kukimbilia Mombasa?"

Aliweka chupa chini. "Mama, usinifundishe kazi. Tuna mtu mwenye mikono iliyoungua. Urudi Jumatatu."

"Basi apelekwe hospitali. Mikono itaoza."

"Jumatatu," akasema.

Kabla ya Jumatatu kuna watu walikuja kutuhurumia. Chifu aliitisha baraza chini ya turubai jipya, na kampuni ikamleta bwana mmoja mwenye suti, na lori lenye unga na mablanketi, na mpiga picha. Msimamizi wetu naye alikuwapo, bila miwani. Bwana mwenye suti alitusalimu vizuri sana, akasema kampuni yake imeguswa na janga hili la asili. Alisema joto, ukavu na upepo ni mambo ya Mwenyezi Mungu, hakuna binadamu wa kulaumiwa, na hali ya hewa siku hizi imebadilika dunia nzima. Chifu akasimama akaongeza kwamba ndiyo sababu alitukataza kuchezea moto, lakini wako wakaidi wanaopenda asali kuliko uhai wa wenzao.

Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Mimi si msemaji, na mgeni aliyeolewa hafundishwi kunyamaza, hujifunza mwenyewe. Lakini alipotaja asali, nilijikuta nimesimama.

"Chifu, naomba kuuliza."

"Maswali baadaye, mama."

"Sikuulizi wewe. Nawauliza hawa." Niliwageukia vibarua waliokuwa wakishusha magunia kwenye lori. "Ninyi mmekula kwangu. Mmekunywa chai yangu, na siku ile mlichukua maji yangu. Sitaki kingine. Semeni tu nani aliwasha."

Turubai lilipigwa na upepo. Bwana mwenye suti alimnong'oneza chifu. Kisha kibarua mmoja mzee, mwenye mvi kidevuni, akaliteremsha gunia begani kwake akaliweka chini.

"Ni sisi," alisema. "Tuliambiwa tuwashe ili kazi ionekane safi kabla ya ukaguzi. Huyu mama mzee alitukataza, tukamcheka. Mimi pia nilicheka."

Msimamizi akaanza kusema jambo, lakini hakusikika, maana wanawake walikuwa wameshainuka. Bibi mjane alikwenda mpaka mbele ya chifu, mjukuu wake mgongoni, na hakupiga kelele hata kidogo. Alimwambia, "Mlimwaga uji wa huyu." Basi. Kisha akarudi kukaa.

Walitaka kumaliza haraka. Walianza kugawa unga, na mpiga picha akamwita mavyaa, kwa sababu alikuwa mzee na nguo zake zilikuwa na masizi. Bwana mwenye suti alimwekea gunia mikononi, akamshika bega, akaangalia kamera. Mavyaa aliliweka gunia chini.

"Unga nitauchukua," alisema, "maana nina njaa na ninyi ndio mlioniunguzia mahindi. Picha sipigwi. Piga picha zizi langu."

Mpiga picha hakupiga zizi.

Shemeji alitolewa siku iliyofuata. Ushahidi hautoshi, walisema, kana kwamba walikuwa nao kiasi fulani ila ukapungua kidogo. Hakuna aliyemwambia pole. Tulimpeleka hospitali ya Msambweni, karibu na kwetu Bodo, ambako jamaa zangu wangeweza kumtazama. Daktari wa kike aliyemfungua mikono alisema angalikuja siku ile ile mambo yangalikuwa mengine. Vidole vya mkono wa kushoto vimekunjamana havifunguki. Hawezi kupanda mti tena, na mrina asali asiyepanda mti ni mtu anayewatazama nyuki wa wenzake. Kampuni haikushtakiwa na yeyote. Yule kibarua mzee alifukuzwa kazi juma lile lile. Alipita kutuaga akielekea kwao Samburu, mavyaa akamkalisha, akampa maji, na shemeji yangu akazungumza naye kwa muda mrefu kuhusu mbuzi. Mimi nimekwenda ofisi hii na ile kuulizia fidia, na kila ninakofika naambiwa yule mwenye habari zangu yuko mkutanoni.

Mwaka huu vichaka vimeota tena chini ya nyaya, na kampuni ikarudi kufyeka. Msimamizi ni mwingine, fulana ni ile ile. Walipomaliza kurundika, wanawake wa kijiji tulikwenda na mikeka yetu, tukaketi, wengine kando ya marundo na wengine juu yake hasa. Mavyaa alichagua kubwa kuliko yote. Msimamizi alitubembeleza, kisha akafoka, kisha akamwita chifu. Chifu alikuja, akatutazama tulivyopangana na watoto wetu na vyakula vyetu, akavua kofia akajikuna, akamwambia yule kijana, "Tafuta lori."

Lori lilifika baada ya adhuhuri, na upepo ulikuwa umeshaamka zamani. Tulisali pale pale kwa zamu, wenzetu Wakristo wakitushikia marundo. Vibarua walipakia matawi yote mpaka ardhi ikabaki tupu, nasi hatukuondoka mpaka rundo la mwisho lilipopanda. Kisha tukakunja mikeka, tukaenda bwawani kuchota maji.